Mawe Yenye Kuingia Kolwezi

Siku ya kwanza ku kazi, Mama Gérante, musimamizi wa hoteli, alinionyesha aquarium, sanduku kubwa ya kioo yenye samaki ya bahari. Moja ilikuwa na mistari kama pijama. Nikamuuliza: "Mama, hizi tutakula siku gani?"

Akanitazama. "Tata, hizi njo kazi yako."

Hivi njo niliingia mu métier ya kuchunga samaki. Masomo niliachia mu secondaire katikati, na mwalimu hakulia.

Nilitumika Kolwezi, muji ya migodi, bakanituma Fungurume ku hoteli ingine, kisha bakanirudisha Kolwezi. Kote kazi ilikuwa moja: kufanya bahari mu inchi yenye haina bahari. Chumvi haikuwa ile ya jikoni. Maji ya robinet, ya bomba, tulipitisha kwanza mu filtre ya kuchuja, juu huku kwetu shaba iko kila mahali, na shaba inauaka bududu ya bahari. Ni kama kufungua boulangerie ya mukate mu mutoni.

Kisha Directeur mupya akaleta aquarium ya salle, ukumbi ya wageni. "Siku ya kufungua salle, nataka samaki mule," akasema. "Kama haiko, utatafuta kazi ingine."

Mbele ya samaki, lazima mawe yenye kuishi. Si uchawi. Ni jiwe ya bahari, nyepesi, matobo matobo, na ndani muko bududu budogo benye kukula uchafu. Bila ile, samaki banakufa mu mikojo yao.

Nikapigia simu muuzishaji mumoja wa kule pwani. "Mawe ulitosha wapi?"

"Baharini."

"Bahari gani? Nani alivunja?"

"Mzee, unanunua mawe au unafanya uchunguzi?"

Nikacheka peke yangu. Ku bujana nilichimba mawe ku mugodi ya Mutoshi, na wanunuzi bazungu balituuliza vile vile: nani alichimba, batoto beko mule? Sasa muzungu ni mi! Lakini ule alikuwa anavunja matumbawe na chuma, na matumbawe ikivunjwa hairudie mbio. Nikamuacha. Nikapata mama mumoja mwenye kupanda mawe: anaweka jiwe kavu baharini, anangoja uzima uingie, halafu anaitosha mu maji.

"Matumbawe hatugusi, baba," aliniambia. "Ila mawe yasikauke njiani."

Ikakuja na kamio ya Tata Saidi, shofere mwema sana. Ubaya ulikuwa njo ile wema. Ku barière ya kuingia muji, agent aliita wenzake: "Mukuye muone! Mawe inaingia Kolwezi! Si huku mawe inatokaka?"

Saidi akafika anacheka meno yote. "Tata, nilikusaidia! Pale Fungurume nilianika yote ku jua. Hakuna mutu atakukata humidité."

Batoto ba leo, mujue: mwenye kununua minerai, mawe ya mugodi, anakataka kilo ya humidité, maji yenye kuwa ndani, njo kila muchimbaji anaanikaka mufuko wake mbele ya kuuzisha. Mawe yangu ilikuwa kavu kama mukate ya juzi, na inanuka.

"Saidi, ilikuwa na uzima."

"Jiwe?"

"Jiwe."

Akakaa chini ku gurudumu. Kisha akasema pole pole: "Moja niliacha mu ndoo, mu maji yake. Muko kitu ndani, ilinifinya kidole."

Ilikuwa kaa. Nilitaka kumubusu Saidi.

Mama wa pwani akaniambia ku simu: sugua zile zilizokufa, weka pamoja na ile nzima, ngoja mwezi uzima uhamie, usitie samaki. Nikaenda ku Directeur.

"Samaki haiko, Directeur. Tukiitia sasa, wageni bataikuta inalala ubavu."

"Basi nitaonyesha nini?"

"Mawe."

"Mawe! Kolwezi!"

Siku ikafika. Bakubwa bakapita mbele ya kioo, bakasimama, bakainama. Huku hakuna mutu anapitaka jiwe bila kuitazama. Mumoja akauliza: "Hii iko na teneur ngapi, shaba ngapi ndani?"

Directeur akanitazama mi.

"Kaa moja, mukubwa," nikasema.

Na kaa, pale pale, ikatoka. Bakacheka bote. Directeur alicheka nyuma ya bote, lakini alicheka. Samaki ikaingia kisha, ikaishi, nami nikabakia ku kazi mpaka retraite.

Sasa niko ku nyumba. Mu bujana nilichimba mawe mingi, hakuna hata moja yenye ilinijua. Lakini nikipita ku hoteli, nikiinama ku kioo, kaa inatoka. Mama Gérante anasema ni njaa. Mi ninasemaka ni salamu.