Kadi ya Kinuthia

Absalom Odongo alijua majina ya wanafunzi wasiopungua mia nne, na kila asubuhi aliwauliza wote wao ni nani.

Ndiyo iliyokuwa kazi katika geti kuu la chuo kile, kilichoko kati ya Ruiru na Thika. Mwanafunzi anainua kadi, mlinzi anatazama picha, anatazama uso, anampisha. Walinzi wengine walitazama rangi ya utepe shingoni wakaridhika. Absalom aliisoma kadi mpaka mwisho, kama barua iliyotoka nyumbani.

Hakuzaliwa hivyo. Alikuja Thika akiwa kijana wa miaka ishirini, akafanya kazi katika kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kikafungwa, kisha akapata kibarua cha kulinda bohari moja. Siku moja alimfungulia mtu aliyemjua vizuri sana, shemasi wa kanisa lao kule Makongeni, ambaye kila Jumapili aliimba naye besi bega kwa bega. Shemasi alitoka na marobota manne ya vitambaa. Absalom alitoka bila kazi. Tangu hapo aliamini kwamba kumjua mtu si ushahidi wa jambo lolote, na kwa miaka kumi na moja getini chuo hakikupata sababu ya kumbishia.

Kinuthia alikuwa mwaka wa tatu. Mama yake, Waruguru, alipasua makadamia kiwandani Thika, na kijana alikuwa kifungua mimba wake. Absalom alimwita kwa jina. Kijana naye alimwita Guka, yaani babu, ingawa mmoja alikuwa Mkikuyu na mwingine Mjaluo na hawakuhusiana popote.

"Guka, niaje?"

"Kadi."

"Hata mimi niko poa."

Hayo yalikuwa mazungumzo yao kwa miaka mitatu, na yaliwatosha wote wawili.

Mwezi wa pili Kinuthia alipoteza kadi. Mashine ya kuchapishia kadi ilikuwa imeishiwa wino tangu Januari, na ofisi husika ilikuwa ikilifuatilia jambo hilo, neno ambalo chuoni lina maana ya kukaa. Akapewa barua yenye stempu, ya kutumika wiki mbili. Ikiisha, anagongewa nyingine. Jumanne moja ya Aprili alifika getini saa mbili na nusu asubuhi, viatu vimejaa matope ya mvua iliyonyesha usiku kucha, akatoa barua ile.

"Hii iliisha Ijumaa," Absalom alisema.

"Najua, Guka. Ndio naenda kugongewa stempu ingine saa hii."

"Ugongewe kwanza, halafu uje."

"Stempu iko ndani!"

"Hilo si neno la geti."

"Lakini si unanijua?"

"Nakujua. Barua ndiyo imeisha."

Cindy, mlinzi mwenzake aliyekuwa akipekua mikoba ya wasichana, aliangua kicheko. "Mzee, wewe iko siku utajiona kwa kioo ujiitishe kadi."

Kinuthia naye akacheka. Alikuwa na mtihani mdogo saa tatu. Alitazama simu yake, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Sawa, Guka. Tuonane ndani."

Absalom alijua anakoelekea. Kila mtu angejua. Ua wa nyuma ulikuwa na tundu la kutosha mtu na mkoba wake, na ili kulifikia mtu alipita kijia kilichoambaa ukingo wa kwari, shimo la zamani la kuchimba mawe ambalo sasa lilijaa maji. Wanafunzi walipaita Geti B. Wahadhiri waliochelewa nao walipitia Geti B, ila wao hawakupaita kitu. Barua tatu za malalamiko kuhusu kijia hicho zilikuwa zimeandikwa na wanafunzi, na zote zilikuwa zikifuatiliwa. Absalom alimwona kijana akipinda kona ya ua. Angeweza kumwita, sauti yake ya besi ilikuwa bado nzima. Badala yake alimgeukia aliyefuata kwenye foleni.

"Kadi."

Ukingo wa kwari uliporomoka na Kinuthia juu yake. Msichana aliyekuwa nyuma yake alipiga mayowe mpaka watu wakaja, lakini kamba ilichelewa, na waliojua kuogelea walikuwa wachache kuliko waliojua kupiga picha. Alitolewa saa tano.

Chuo kiliomboleza kwa dhati. Hilo lisemwe, maana lilikuwa kweli. Darasa lake lilivaa tepe nyeusi mwezi mzima. Mhadhiri mmoja alishindwa kumaliza kuita orodha ya majina, akatoka nje akasimama kwenye varanda. Palifanyika maombi uwanjani, mabasi mawili yakaenda mazishini Gatundu, na karani wa hosteli mwenyewe ndiye aliyebeba shada la chuo mpaka kaburini. Kisha ikaundwa kamati.

Kamati ilikaa siku tatu. Absalom aliitwa siku ya pili. Alikuwa amepiga pasi shati, na kichwani alikuwa na jibu aliloliandaa kwa usiku nne.

"Marehemu alikuwa na kadi?" mwenyekiti aliuliza.

"Hakuwa nayo."

"Barua yake ilikuwa imeisha?"

"Ijumaa."

"Asante, mzee. Unaweza kwenda."

Hawakumuuliza kama alimjua. Alisimama pale kidogo, labda watakumbuka, mpaka katibu akamwonyesha mlango kwa kalamu.

Ripoti ilipotoka, tundu lilizibwa kwa seng'enge na bango la hatari likasimamishwa kwenye kwari, zuri, lenye rangi mbili. Kuhusu geti kuu, kamati iliona kuwa afisa wa zamu alitekeleza wajibu wake ipasavyo. Mwendwa, mkuu wa usalama, alimletea barua ya pongezi.

"Hii weka kwa faili yako, mzee. Ukistaafu itakusaidia."

"Kunisaidia nini?"

"Sasa wewe nawe!" Mwendwa alisema, akaenda zake.

Wiki iliyofuata wino ulipatikana. Bahasha ya kadi arobaini na moja ikaletwa getini ili wenyewe wazichukue hapo. Absalom alizipanga kwa herufi. Alipofika kwenye K alikuta uso wa Kinuthia, meno yote nje. Utaratibu ulisema kadi isiyo na mwenyewe irudishwe kwa msajili siku hiyohiyo. Absalom aliitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kumpa msajili kulikuwa kuirudisha kwenye faili. Kumpa mama yake kulikuwa kumwambia ilikuwa ya nini, na nani aliitaka. Basi akakaa nayo, yeye ambaye hakuwahi kuchukua hata kalamu ya chuo.

Waruguru alikuja Alhamisi, amefunga kitambaa cheusi kichwani, ameomba ruhusa ya nusu siku kiwandani. Alitaka godoro la mwanawe, sanduku na vitabu. Cindy alimwandika kitabuni, naye mama akaacha kitambulisho chake getini kama kila mgeni, akaingia. Baada ya saa moja alitoka mikono mitupu.

"Wanasema kuna fomu," alimwambia Cindy. "Na fomu inataka kadi yake ya shule. Nimewaambia alipoteza. Wanasema basi nitafute."

"Ai, mama! Si hao walikuja matanga?"

"Huyo wa shada ndiye ameniambia."

Absalom alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Mkono wake ulipanda mpaka kwenye kifungo, ukashuka. "Pole, mama," alisema. Waruguru akaitikia kwa heshima, akaenda kungoja gari la Thika.

"Mzee, unaumwa na kifua?" Cindy aliuliza. "Kila saa unajishika hapo."

Jumanne Waruguru alirudi. Safari hii alikuwa na bahasha ya kaki: kibali cha mazishi, barua ya chifu, na karatasi ya ratiba ya ibada yenye picha ya mwanawe. Absalom alimtazama akipanda njia ya hosteli, na alijua kabla hajafika mlangoni atakavyojibiwa, kwa sababu ni yeye aliyekifundisha chuo kizima kujibu hivyo. Mama huyu naye alijulikana. Jina lake lilijulikana, msiba wake ulijulikana, na alikuwa akirudishwa.

Hakusubiri atoke. Alimwachia Cindy geti, akamfuata, akamkuta tayari ameketi kwenye ngazi za hosteli, bahasha magotini.

"Kadi ni hii, mama." Alifungua kifungo.

Waruguru aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama picha muda mrefu, akaifuta kwa pindo la leso ingawa ilikuwa safi.

"Umeitoa wapi?"

"Ililetwa getini. Nimekaa nayo siku tisa. Siku ile alipita kwangu kwanza. Barua yake ilikuwa imeisha, nikamrudisha. Nikamwona anaenda kule nyuma. Sikumwita."

"Wewe ndiye Guka?"

"Ndiyo mimi."

"Alikuwa anakusema nyumbani. Eti kuna Guka wa geti, hajawahi kusalimia mtu lakini anajua kila mtu. Kumbe ulikuwa unamjua."

"Nilimjua, mama."

"Sasa ulikuwa unamuuliza nini?"

Lile jibu la usiku nne lilikuwa la kamati. Alilitafuta hata hivyo, akaona halifai kutolewa mbele ya mtu.

Waruguru aliinuka, akaingia ofisini. Alitoka na fomu iliyogongwa stempu, bila kadi. Kadi hubaki kwenye faili. Alikuwa amekaa nayo kama dakika kumi. Wakapanda chumbani. Absalom alijitwisha sanduku, vitabu wakavifunga kwa shuka, na godoro wakalishika kila mtu upande wake.

Getini Absalom alimrudishia kitambulisho bila kukitazama. Cindy alikuwa akipekua mkoba, foleni imesimama, na kijana mmoja mwenye barua ya stempu iliyoisha alimkazia macho Absalom akingoja kurudishwa.

"Huyu?" Cindy aliuliza.

"Nani wewe?" Absalom alimuuliza kijana.

"Si unanijua, mzee? Macharia."

"Mpishe," Absalom alimwambia Cindy.

Waruguru aliyaona hayo yote. Walitembea mpaka barabarani, godoro katikati yao. Karibu na kituo alisema, bila kugeuka:

"Huyo umemfungulia."

"Ndiyo, mama."

Akahamisha mkono, akashika vizuri zaidi.

"Mimi sijakusamehe," alisema. "Inua upande wako. Unaliburuta."

Absalom akainua.