Kinywaji Ambacho Wifi Alikikubali

Kwetu Bukavu, mgeni hafunguliwi chupa jikoni. Huletwa ikiwa imefungwa, ikafunguliwa mbele ya macho yake, na mwenye nyumba akaonja kwanza. Desturi hiyo niliishika hata hapa ughaibuni, Ganshoren, na bado wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, hakunywa kitu kwangu. Kaka yake aliugua ghafla akitoka mezani pangu, akafa. Daktari alisema ni moyo. Wifi alisema lake. Kila sikukuu alikuja, akaketi, akarudi kwake na kiu.

Siku ya ubatizo wa kitukuu changu, mjukuu huyu anayeniandikia alileta kinywaji cha Wajapani, ramune, kutoka duka moja la barabara ya Chaussée d'Ixelles. Nilimhoji kabla sijakiruhusu mezani. Akaeleza kwamba ni limonadi iliyofikishwa Japani zamani na wageni wa meli, na kwamba chupa ya namna ile ilibuniwa Uingereza. Mdomo wake huzibwa na gololi ya kioo, ambayo gesi ya kinywaji chenyewe huisukuma juu. Kwingine watu waliiacha walipopata vizibo vya bati. Wajapani waliendelea nayo, nao huinywa katika sherehe zao za kiangazi. Sikuona sababu, mpaka alipofungua moja. Mnywaji mwenyewe huisukuma gololi ndani kwa kiganja, na ikishaanguka, hakuna mkono wa nyumbani unaoweza kuirudisha.

Nikaweka moja mbele ya wifi, ingali na nailoni yake.

"Hii ni nini?"

"Limonadi. Fungua mwenyewe."

"Na wewe hauonje?"

"Nitaonja namna gani, imefungwa?"

Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Donc, hata shetani hawezi kuingia humu."

"Akiingia, Koko, utamusikia anagonga gololi," mjukuu akamjibu bibi yake huyo.

Wifi akacheka kidogo, akasukuma. Povu lilimwagika mezani. Akanywa yote, akasema sukari ni nyingi.

Jumapili iliyofuata alikuja tena. Nikamwekea chai. Aliitazama mpaka ikaacha kutoa mvuke.

"Ile ya gololi iliisha?"

"Iko."

Nikaenda kuichukua kwenye friji. Chai yake niliinywa mimi, mbele yake, mpaka tone la mwisho.