Fundi wa Matisi na Injini za Ndege za Uchina

Jumamosi, Novemba 8, 2025. Ukungu mzito umeshuka kutoka Mlima Elgon na kuifunika Cheptais, na manyunyu yanapiga mabati ya kisiagi cha mahindi cha Mama Chepkemei. Ni saa mbili asubuhi. Mahali ambapo siku nyingine lazima upaze sauti ndipo usikike, leo pako kimya. Injini zote mbili zimezimwa, na moja yao inasubiri kufunguliwa.

Dinah Nabwile amepiga magoti kando yake, spana mkononi, ovaroli yake imelowa mabegani. Kabla ya kugusa nati ya kwanza anafumba macho.

"Bwana, hii ni kazi ya mikono yangu. Leo tuonyeshe ukweli wake. Amina."

"Amina," wanaitikia watu watatu: mwenye kisiagi, Joy aliye binti wa Nabwile, na mzee Wangila, aliyetoka Webuye kabla ya mapambazuko.

Ndani ya injini hiyo mna pistoni ambayo Nabwile aliimimina mwenyewe katika karakana yake mtaa wa Matisi, Kitale. Imesaga mahindi ya Cheptais tangu Agosti. Kwenye kikapu kilicho miguuni pake kuna nyingine mbili. Moja ni ya dukani, imetoka ng'ambo. Nyingine ni pacha wa ile iliyo ndani ya injini. Kisiagi cha mzee Wangila kimelala wiki mbili kwa sababu pistoni yake ilipasuka, na leo ataondoka na moja kati ya hizo. Ipi, itaamuliwa na kile kitakachoonekana hapa.

Wangila anaitaka ya Matisi. Bei yake ni nusu ya ile ya dukani, lakini si hilo tu.

"Nimeshawaambia watu kanisani," anasema. "Nimewaambia moyo wa mashine yangu utatengenezwa na mtoto wetu. Sasa usiniaibishe, fundi."

"Aibu ni yangu, mzee. Wewe shika taa."

Nabwile, mwenye umri wa miaka 49, hakusomea ufundi. Aliajiriwa kupima unga katika kisiagi kimoja karibu na Kitale, na mashine hiyo ilikuwa haimalizi mwezi bila kuharibika. "Fundi alikuwa anatoka mbali, na kila akija mimi ndiye namshikia tochi," anakumbuka. "Siku moja hakuja. Nikasema, Mungu wangu, si nimeona akifanya?" Siku hizi, mwezi ukiwa mzuri, hubakiwa na takriban shilingi elfu ishirini na tano.

Injini anazozitengeneza karibu zote zimetoka Uchina, na spea zake pia. Spea ikikosekana mjini, mwenye mashine hungoja na watu huhamia kwa jirani. Ndiyo sababu Nabwile alianza kumimina pistoni zake. Ya kwanza aliipata kwa kuyeyusha sufuria kuukuu. Ilivimba na kukwama kabla chai haijaiva. Akajifunza kuyeyusha pistoni zilizokufa, kumimina kwenye kalibu ya mchanga, kisha kuzikereza hadi zing'ae. Kila moja huigonga chapa ya jina ambalo wazee wa kwao huuita mlima huu: Masaba.

Ilikuwa likizo ya shule, mwishoni mwa mwaka jana, ndege za kivita za Uchina zilipoonekana kwenye runinga, zikipita angani kwa mpangilio kama korongo. Joy hufundisha fizikia katika shule moja ya sekondari Bungoma. Mama yake alimuuliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza: injini ni ya nani?

"Mama, mwili ni wa Mchina, lakini kwa miaka mingi moyo ulikuwa wa Mrusi."

"Ati nini?"

"Ndege yao iitwayo J-10 ilianza kuruka na injini ya Urusi. Hata J-20, ile inayojificha isionekane kwenye rada, inasemekana ilianza hivyo hivyo."

"Wacha mchezo, Joy. Mchina huyu huyu aliyetengeneza simu yangu, na taa yangu, na injini inayonilisha?"

"Huyo huyo."

Nabwile aliweka kikombe chini. Tangu siku hiyo, kila Joy akija nyumbani humsomea mama yake yale ambayo wachambuzi wa mambo ya anga wameandika, akiyageuza Kiswahili sentensi kwa sentensi. Ndani ya injini ya ndege, humwambia, kuna mapanga madogo yanayozunguka katika moto mkali kuliko ule unaoweza kuyayeyusha. Kinachoyaokoa ni hewa inayopitishwa katika vitundu vyembamba, na namna ya ajabu ya kuikuza metali yenyewe iwe chembe moja isiyo na kiungo.

"Hebu fikiria barafu ikae ndani ya chai ya moto na isiyeyuke," anasema Nabwile, macho yamemtoka kana kwamba ameisikia habari hii leo. "Binadamu amefanya hivyo! Mimi nilimsifu tu Mungu aliyempa mtu akili."

Uchina iliianza injini yake katika miaka ya themanini, ikaipa jina la safu ya milima: Taihang. Iliwasumbua miaka na miaka, nao hawakuona haya kuendelea kununua ya Urusi huku wakiihangaikia ya kwao. Ilipofika wakati wa kuiamini, waliitia kwanza katika J-11, ndege yenye injini mbili. J-10, yenye injini moja, ilingoja.

"Hapo nikamwambia Joy, rudia," anasema Nabwile. "Moja ikikataa, nyingine inakurudisha nyumbani. Hao watu wana hekima."

Ndipo akamkumbuka Mama Chepkemei, mwenye injini mbili: moja ingejaribu pistoni ya Matisi, nyingine ingeendelea kusaga.

"Alinijia na hiyo hadithi yake," Chepkemei anacheka. "Nikamuuliza, kwa hivyo mimi ndiye ndege?"

"Na nikamwambia, ndiyo, lakini wewe huwezi kuanguka."

Sasa kichwa cha injini kimetoka. Nabwile anaivuta pistoni taratibu kama mkunga, anaipangusa kwa kitambaa chenye dizeli, na vichwa vinne vinainama juu yake. Juu ni safi. Ringi, zile pete zake za chuma, zinacheza bila kukwama. Wangila tayari anatabasamu.

Kisha Nabwile anaigeuza. Pande mbili, pale pini ya kuishikilia inapopita, kuna michirizi ya kijivu yenye upana wa kidole gumba.

"Si ni mikwaruzo tu?" Wangila anasema haraka. "Hata mimi niko na mikwaruzo na bado natembea."

"Imenisagia bila kelele," Chepkemei anaongeza. "Mimi siilalamikii, Mama Joy."

Nabwile anatoa ile ya dukani kikapuni na kuipima upana kwa kalipa, upande huu, kisha upande ule. Anapima tena. Anampa Joy naye apime.

"Si duara," Joy anasema polepole.

"Nilijua si duara. Nilidhani ni uzembe wa kiwandani." Sauti ya Nabwile imeshuka. "Yangu nikaikereza duara kamili, nikajiona nimewashinda."

Joy anagusa pale penye michirizi. "Hapa pana metali nyingi zaidi, mama. Ikipata moto, hapa ndipo inapanuka zaidi."

"Kwa hivyo wameibana hapa makusudi ikiwa baridi, ndiyo iwe duara ikiwa moto." Fundi anaketi sakafuni kwenye vumbi la unga, pistoni mbili mapajani. "Ee Mungu. Aliyewaza hivi aliwaza nini?"

"Basi nipe hiyo yako hivyo hivyo," Wangila anasihi. "Itanivusha msimu huu."

"Hapana, mzee. Wewe uko na injini moja. Ikikwama, krenki inayozungusha mashine inaenda nayo. Utabeba hii ya dukani, na utanilipa ile bei ya yangu."

"Na watu wa kanisani niwaambie nini, bana?"

Nabwile anasimama, anajifuta mikono.

"Mama Chepkemei, mzee Wangila, Joy, mnisikie. Januari nitaleta hapa nyingine, nimeibana pande hizi mbili kwa tupa, kwa mkono, hata kama nitaharibu kumi kwanza. Itasaga hapa mwaka mzima. Tutaifungua sote wanne, na ikiwa na mchirizi hata mmoja, narudi Matisi kuanza upya. Ikiwa safi, nitakuja Webuye mwenyewe kukufungia yako."

"Mungu amesikia," anasema Wangila.

"Mungu alisikia zamani. Nimesema kwa sauti ili nyinyi msikie."