Ufunguo wa Nyumba Isiyo na Mlango

Nilienda kwetu nikiwa na sentensi moja mdomoni: Papa, nimepata kazi Kisangani, naondoka mwisho wa mwezi. Niliifanyia mazoezi tangu Goma, juu ya pikipiki. Tulipopita Kibati nilikuwa naisema kwa sauti, mpaka dereva akaniuliza kama ninasali.

Mahali alichagua Papa. Kama nina neno, alisema, tukazungumzie kule shato. Ndivyo watu wa senta yetu, mji mdogo upande wa Rutshuru, wanavyoliita gofu lililo juu ya kilima. Mzungu wa kahawa alilijenga kwa mawe meusi ya volkano, akaliwekea na mnara, sijui alimwogopa nani. Sasa halina paa wala mlango, na mbuzi huingia sebuleni wakitaka. Ukiwa kule juu unaiona senta nzima: mabati, soko, kanisa, na barabara ya Goma. Mimi niliangalia barabara.

Papa alifika penye uwazi wa mlango, akafuta miguu kwenye nyasi, ndipo akaingia. Niliona aibu, kisha nikakasirika. Tangu utoto wangu namwona akifagia majani katika nyumba inayonyeshewa ndani.

"Papa, niko na neno," nilianza.

"Ngoja. Ya kwangu njo ya kwanza."

Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Ndani mlikuwa na ufunguo mrefu wa chuma, umepakwa mafuta.

"Muzungu aliacha huu kwa mukono ya baba yangu, akasema atarudia. Baba alichunga. Mi nikachunga. Bakubwa yako bote balienda. Weye njo wa mwisho."

Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi. Hilo halina mjadala. Wakubwa wangu wanne walioa, wakaolewa, wakatawanyika, na kila mmoja aliponiaga alinipiga begani kana kwamba ananipongeza. Nilitaka kumuuliza Papa: ufunguo wa mlango upi? Nilitaka kumwambia kwamba yule mzungu alishaoza, na kahawa yake ilishakatwa kuni. Nyumba ilikuwa wazi pande zote na mimi nilikosa pa kutokea.

Njia moja ilikuwepo. Kwetu, ukipokea kitu cha mzazi kwa mikono miwili, umepokea na neno lililokuja nacho. Ukitaka kukataa, unaiacha mikono mgongoni na kusema sababu yako, naye atakusikiliza hata kama itamuuma. Basi nikaiweka mikono mgongoni. Papa aliniona, hata hivyo akanyoosha ufunguo.

Sikujua kwamba mkono wake umeanza kutetemeka. Hakuna aliyeniambia, na mimi nilikuwa sijamtembelea miezi mingi. Ufunguo ukateleza kutoka kwenye vidole vyake, na kabla sijafikiri chochote nilikuwa nimeudaka, kwa mikono yote miwili.

"Aksanti, mutoto wangu," alisema. Akakaa juu ya jiwe, polepole, akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Sikuwahi kumwona akikaa ndani ya nyumba ile.

Akanitazama kwa uso uliotulia. "Sasa, ile neno yako ni nini?"

Chini, pikipiki ilikuwa inaondoka senta kuelekea Goma.

"Hapana kitu, Papa," nikasema. "Nilikuya tu kukuona."