Gauni Jepesi, Boksi Kubwa

Fundi wa magauni ya harusi alikuwa na mwiko mmoja: gauni lake halikunjwi. Wateja waliondoka nalo likiwa kwenye hanga, wamelishika juujuu kama yai. Basi ilipofika zamu ya binti yake mwenyewe, aliyekuwa akiolewa nchi ya mbali ambayo mama mtu alinyimwa viza ya kuingia, hakuona sababu ya kubadili mazoea. Alitafuta boksi la friji, akalining'iniza gauni ndani, akasokomeza karatasi kila upande lisiyumbe. Yeye hatakuwepo, gauni litakuwepo.

Kwenye ofisi ya mizigo karani alilinyanyua boksi kwa mkono mmoja, akacheka. Kisha akatoa futi, akapima urefu, upana na kimo. Bei aliyoitaja ilimfanya fundi ashike kaunta.

"Mwanangu, si umelibeba mwenyewe? Jepesi kama pamba!"

"Jepesi, mama, lakini linakula nafasi. Tunapima uzito, tunapima na ukubwa. Kati ya hivyo viwili, kinachozidi ndicho unacholipia."

"Kumbe mnanitoza hewa!"

"Hewa nayo inapanda ndege, mama yangu. Ukitaka nafuu, kuna meli."

Kwa meli lingefika harusi imeshapita.

"Mama, si ulikunje tu?" akadakia mtu wa nyuma kwenye foleni. "Wengine tuna shughuli."

Fundi alilivuta boksi hadi kwenye benchi, akaazima mkasi wa karani. Ile sketi ya ndani, ya wavu tabaka kwa tabaka, iliyolifanya gauni litanuke, akaifumua kiunoni na kuiweka pembeni. Gauni likanywea. Akalikunja mara moja, mara mbili, akipitisha kiganja kila kunjo kama anayembembeleza mgonjwa. Likaenea kwenye boksi dogo alilopewa na karani. Karani akapima tena. Safari hii bei ililipika.

Nje akampigia binti yake.

"Linakuja, ila litafika na mikunjo. Sasa nisikilize namna ya kulinyoosha. Kwanza unatandika kitambaa chenye unyevu..."

"Usihangaike, mama. Mama mkwe atalipiga pasi. Kasema atanivisha yeye mwenyewe."

Fundi aliibana sketi ya wavu kwapani. Upepo ulikuwa ukiivuta.

"Haya," alisema. "Mwambie pasi isiwe ya moto sana. Na vifungo vya mgongoni, aanzie chini. Akianzia juu havitafika."