Lori Lililokwenda Mshazari Siku ya Posa Yangu

Nichekeni tu, nimeshazoea, maana hata leo nikipita Mishomoroni wapo watu wazima na akili zao wanaotembea upande upande makusudi wakiniona, na mimi nawapungia mkono najifanya sijaelewa, kumbe ndani aibu inanila. Na aibu yenyewe sikuletewa na mtu, niliitafuta mwenyewe.

Nilikuwa dereva wa lori Changamwe, miaka ile Uhuru ulikuwa unanukia na kila kijana alijiona bwana mkubwa, mimi zaidi kwa sababu nilikuwa na lori (la ami yangu Mbwana, si langu, lakini mwenye usukani ndiye anayeonekana). Nikampenda Mwanaisha, binti wa Maalim Sudi wa Mishomoroni, aliyesomesha Kurani nusu ya watoto wa Kisauni. Ami akapeleka posa. Maalim hakukataa, ila alisema hivi: "Kijana simjui, najua kazi yake tu, na madereva wa malori nasikia wanakunywa tembo la mnazi kama maji. Njooni Ijumaa baada ya swala, naye aje nimwone kwa macho yangu. Nikimwona ana dalili ya ulevi, sina binti wa kuwapa." Wallahi mimi tembo sijapata kulionja hata kwa ncha ya ulimi, kwa hivyo nililala usingizi mzuri.

Sasa Alhamisi, natoka kupeleka mawe Miritini, nikaingia shimo moja, nikasikia ka! Ile pini ya katikati ya springi ya nyuma, upande wa kushoto, ikakatika. Pini yenyewe ni kitu kidogo, unaweza kuificha kiganjani, lakini ndiyo inayoshika ekseli ikae mahali pake. Fundi wetu akaniambia ningoje mpaka Jumamosi apate nyingine. Ningoje vipi, na kesho ni posa? Nikaazima spana, nikalala chini ya lori, nikazikaza zile bolti kubwa zinazofunga springi na ekseli, bila pini, mpaka nikaona nyota, nikajisifu kwamba fundi ni jina tu.

Ijumaa tukapakia watu. Mbele mimi na ami, nyuma mamangu, shangazi zangu na majirani, wamevaa leso mpya na wanaimba. Tulipofika Makupa nikaona usukani unataka kushikwa kushoto wakati wote, nikailaumu barabara. Kumbe ekseli imerudi nyuma upande mmoja, vidole vitatu hivi, basi magurudumu ya nyuma yanasukuma kwenda kushoto, na mimi ili nifuate njia nayapeleka ya mbele kushoto vilevile, matokeo yake lori zima linakwenda mshazari kama kaa, pua imeelekea katikati ya barabara na mkia umetoka nje kando. Waliokuja mbele yetu walidhani nawaendea wao, baiskeli zikajitupa majanini.

"Mwanangu," ami akaniuliza tulipokuwa juu ya daraja la Nyali, lile la kuelea, "mbona tunaelekea baharini?"

"Hatuelekei, ami. Tunaangalia tu."

Akashika mlango kwa mikono miwili, akaanza kusoma dua.

Nyumba ya Maalim ilikuwa kando ya njia iliyonyooka, na mbele yake ua mrefu wa makuti. Maalim mwenyewe amekaa barazani na wazee wenzake, kanzu nyeupe, macho njiani, ananingoja mimi. Basi wakatuona tangu mbali. Baadaye nilisimuliwa kwamba lori lilionekana ubavu mzima, na mzee mmoja akasema, "Huyu anakuja au anapita?" Maalim akasimama. "Astaghfirullah! Mchana kweupe! Siku ya Ijumaa!"

Mimi nilipoona watu wamesimama (nikidhani ni heshima, jamani, nikidhani ni heshima!) nikasema nipaki vizuri, karibu kabisa na ua, kibwana. Nikaangalia mbele, pua imeupita ua salama kwa nafasi tele. Mkia nani aliukumbuka? Nikasikia kwaaa! Ua ukang'oka, makuti yakajikunja, nguzo zikalala moja baada ya moja, na nyuma kina mama wakadhani tunashangiliwa, wakazidisha vigelegele. Nikafunga breki. Na pale ulipokuwa ua sasa pako wazi, wanawake na masufuria yao, na Mwanaisha wangu, aliyetakiwa awe amefichwa ndani, amesimama juu ya kinu alichokipindua ili anichungulie juu ya ua. Akajifunika leso uso mzima, na mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Nikashuka. Nikajikwaa kwenye kuti, nikapiga magoti mbele ya Maalim.

"Shikamoo, Maalim."

Akaniinamia usoni. "Achama!"

"Naam?"

"Achama nikunuse!"

Nikaachama, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya wakwe, na mamangu alikuwa amenitafunisha karafuu ninukie vizuri. Mzee mmoja akatikisa kichwa: "Karafuu! Walevi wote ndiyo dawa yao." Hapo nikaona Mwanaisha anaondoka mikononi mwangu, machozi yakanilenga, nikaeleza habari ya pini na spana, nikaapa kwa kila kiapo ninachokijua na hakuna aliyeniamini.

Ami Mbwana ndiye aliyeniokoa. "Maalim, lori ndilo lenye kasoro, si mtoto. Mpandishe mtu unayemwamini wewe."

Maalim akamwamini Mzee Hamisi, muadhini wa msikiti wao, ambaye ujanani aliendesha lori la mkonge. Mzee Hamisi akakunja kanzu, akapanda, akanitazama kwa dharau, akasema, "Vijana hamjui usukani. Mimi nitapita mbali nao." Akaondoa lori taratibu, pua ikapita mbali kweli, amenyoosha shingo anaangalia mbele tu, na mkia ukaja nyuma yake ukauzoa ua uliobaki wote, mpaka mlango wa uani.

Mzee Hamisi akashuka, akautazama ua, akatazama mikono yake, akasema kwa sauti ndogo, "La haula."

Maalim ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, wazee wakamfuata, kina mama wakamfuata, nikacheka na mimi huku nalia.

"Ikiwa huyu kijana amelewa," Maalim akasema akijifuta macho, "basi na muadhini wetu amelewa, na adhana zake zote tuziulize upya!" Kisha akamgeukia ami. "Mke amepata. Lakini spana mnyang'anyeni."

Makuti niliyasuka mwenyewe, na nguzo nikazichimbia mwenyewe, na kila aliyepita aliniuliza kama zimenyooka. Tukaoana. Nikaapa gari likiharibika, hata katikati ya pori, nitakaa chini ningoje fundi, na mpaka leo nangoja. Hata nyumbani kitasa kikilegea nami nikainuka, Mwanaisha ananitazama tu, anasema, "Kaa, baba watoto." Nami nakaa.