Sala niliyomuombea Feza

Wenzangu wa Lusangi, leo niliomba Mungu mpaka dada yangu Feza akakufa.

Munanijua. Kuandika kunanishinda, lakini kwa sala ndefu hakuna wa kunipita. Hata padri muzungu alinisifu.

Asubuhi nilienda kumuombea, homa imemubana. Watu wakajaa mulangoni kusikiliza. Basi, nikapandisha sauti.

Feza akanishika mukono: "Kaka, maji kwanza."

"Ngoja, niko na Mungu."

Akanivuta tena. Mulangoni walikuwa wanatikisa kichwa kwa utamu, nikaongeza mitume wote, mumoja mumoja.

Niliposema Amina, mukono wake ulikuwa umelegea. Mutungi wa maji ulikuwa karibu na goti langu.

Mpaka sasa wananiambia: "Muzee, leo uliomba!"

Ninyi wa mulangoni, mulimusikia akiomba maji?

Mimi nilimusikia.